Kaboni Nilizokuambia Nimechoma

Mzee,

Leo nakuandikia kwa mkono. Cheka basi, wewe uliyekuwa ukisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga matope. Kwa barua hii mashine ya chapa siigusi. Ile uliyoniachia niliihamishia kwa wakili ninayemfanyia kazi siku hizi, na wiki mbili baada ya kukuzika wakaja wanaume wawili wenye makoti, wakaniambia nipige herufi zote kwenye karatasi yao, kubwa na ndogo, mpaka nambari. Kila mashine ina kilema chake, wao wanajua na mimi najua. Wakakunja karatasi, wakaniaga vizuri sana, wakaenda. Tangu siku hiyo nikisikia viatu kwenye ngazi naacha kupiga mpaka vipite.

Ni Jumapili asubuhi. Watoto wameenda kanisani na dada yangu, mimi nimebaki hapa nyumbani Munyaka nikisingizia kichwa. Mlango nimefunga kwa komeo. Gari likipita nasukuma karatasi chini ya mkebe wa unga, nangoja, halafu naendelea.

Nikupe habari za nyumbani kwanza. Mbunge mpya ameapishwa. Ofisi yako wamebadilisha kufuli, wakapaka rangi ya kijani, na ile benchi ya wageni wameitoa nje, ati ofisi si zahanati. Mwanao Kiprono ameacha kazi Nairobi amerudi kumsaidia mama yake na ng'ombe. Mahindi yalikubali mwaka huu, yawa, ungeyaona! Mama Chebet bado anaweka kikombe chako mezani jioni halafu anakirudisha kabatini.

Unaona ninavyozunguka? Nimeanza na mahindi kwa sababu naogopa. Basi wacha nilitoe.

Mwalimu Barnaba hakuuza hoja yako, Mzee. Ni mimi.

Haya, nimeandika. Sikuiuza, Mungu anajua, sikupokea kitu cha mtu. Lakini ilitoka kwangu, na wewe ukafa ukiamini ilitoka kwake.

Unamkumbuka yule mama wa kijiji cha Ziwa ambaye mumewe alikuwa akidunga ng'ombe sindano? Makachero walimchukua mumewe sokoni mchana kweupe, mbele ya watu, na tangu hapo hakuna aliyejua yuko wapi. Alikuja kwetu siku tatu za soko, akaketi kwenye benchi na kikapu chake, hakulia hata mara moja. Ulipiga simu kituoni, ukapiga kwa D.C., ukapiga Nairobi. Siku ya tatu uliweka simu chini polepole, ukaniambia, "Peris, mimi ni Mbunge. Nimeuliza mtu wangu yuko wapi, nimeambiwa nisiulize." Sikuwahi kukuona hivyo. Hata chai hukunywa.

Wiki hiyo ndiyo ulianza kuandika. Ulitaka kamati za Bunge zipangwe upya. Ulinieleza kana kwamba mimi ndiye Spika, umesimama dirishani na mikono nyuma. Kamati zilizoko, ulisema, hii inachungulia kilimo, hii shule, hii barabara, lakini hakuna hata moja yenye ruhusa ya kumuuliza mkuu wa makachero swali moja. Ulitaka nyingine ziunganishwe, ipatikane nafasi ya kamati ndogo ya usalama, ya wabunge wachache walioapa kutunza siri, na huyo mkubwa awe anakuja mbele yao aulizwe: mmemshika nani, kwa amri ya nani, yuko wapi. Nilikuambia, "Mzee, si watakumaliza?" Ukasema mbwa wa boma ni kitu kizuri, hakuna anayemkataa, lakini lazima boma liwe na mtu ambaye akimwita mbwa anakuja. "Huyu wetu, Peris, tunamlisha tu. Hakuna anayemwita."

Halafu aya ya saba. Hiyo ndiyo ilikuwa kali kuliko zote. Kwamba kamati ipewe orodha ya wote waliozuiliwa, na iweze kuingia mahali wanapowekwa bila kupiga hodi. Kabla ya kuipiga chapa nilifunga mlango.

Ulitaka kopi moja tu, ya Mwalimu Barnaba. Hukuwahi kutoa hotuba ambayo Mwalimu hajaisoma kwanza. Mliingia jandoni pamoja, mlikuwa rika moja, na kwenu nyinyi rika ni zaidi ya ndugu. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na ukaniambia kopi iwe nyeusi, asihangaike. Kwa hivyo kila ukurasa nilioupiga chapa nikauwekea karatasi mpya ya kaboni katikati. Kurasa nne, kaboni nne.

Mwalimu akaisoma, akarudi siku ya pili akakwambia aya ya saba uitoe, la sivyo Spika hataiweka hata mezani. Mligombana mpaka nikafunga dirisha. Mwisho ukaitoa. Ile ya kwanza ukaichoma wewe mwenyewe kwenye jiko la makaa, ukakoroga majivu kwa kijiti. Mwalimu akabaki na kopi yake nyumbani. Ukanigeukia ukaniuliza, "Na kaboni, umechoma?"

Nikasema, "Nimechoma, Mzee."

Ngoja.

Lilikuwa gari la maziwa tu, limepita. Moyo wangu, jamani.

Mzee, sikuzichoma. Chuoni tulifundishwa kwamba kaboni ya siri ni ya moto, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani, si nilikuonyesha cheti? Lakini nimelelewa na mama aliyekuwa akichemsha majani yale yale ya chai mara tatu. Kaboni inafanya kazi mara kumi, mara kumi na tano. Kuchoma kaboni iliyopigwa mara moja mkono wangu ulikataa. Nikazikunja ndani ya gazeti, nikazitia kwenye mkoba, na Jumapili nikazipeleka ofisi ya kanisa, kwa Jotham karani, kwa sababu zao zilikuwa zimechakaa na akina mama wa kanisa walikuwa na barua nyingi za harambee. Nikajiona nimetenda wema. Jotham hata aliniombea.

Na kaboni iliyopigwa mara kumi haisomeki, herufi zinakuwa juu ya herufi. Ila ile ya mara moja, ukiishika dirishani, unaisoma kama gazeti. Mimi ninayejua hivyo ndiye niliyezitoa.

Sitaki kukukumbusha ule mkutano wa tawi lakini lazima. Mwenyekiti wa Chama alisimama na karatasi, akasoma hoja yako yote mbele ya watu, akiita kila mstari uchochezi, na alipofika aya ya saba niliona shingo yako imekaza. Hoja ya mwisho haikuwa na aya hiyo. Ya kwanza uliichoma. Ilikuwa imebaki kopi moja duniani, na iko Ziwa kwa Mwalimu. Mle ndani ya gari uliniuliza, "Peris, nani mwingine alikuwa na kopi?" Sikufikiri hata dakika moja. Nikasema, "Mwalimu peke yake." Nilisema kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nakupenda kama baba yangu na nilitaka tuwe na mtu wa kumchukia.

Chama kikakusimamisha, na bila kadi ya Chama hakuna kiti. Mwalimu alikuja ofisini mara mbili. Mara ya pili nilisimama mlangoni nikamwambia hupo, na wewe uko ndani unakohoa. Tulikusikia wote wawili. Aliniangalia tu, akasema, "Mwambie si mimi," akavaa kofia yake. Sikukuambia. Hilo pia liandike kwenye makosa yangu.

Halafu presha, halafu mshipa kupasuka kichwani, halafu Plateau, kitanda cha pembeni pale hospitali ya misheni. Mwalimu alitembea kutoka steji ya matatu na kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha, ulikuwa huwezi kuongea vizuri lakini ulikuwa unaona. Ukageuza uso ukutani. Alikaa nusu saa na kibuyu magotini, sista akapita, Mama Chebet akatoka nje kulia, mimi nikajifanya nakunja shuka. Akaondoka nacho. Siku ya mazishi wanao walimzuia langoni na akarudi kwake. Mimi, Mzee, nilifurahi. Kweli kabisa nilifurahi.

Wiki mbili zilizopita nilienda kwa Jotham kuomba kaboni. Akaniambia, "Dada Peris, zile zako nzuri zilienda siku nyingi. Alizichukua katibu wa vijana wa Chama, alikuja kuazima mashine. Alizishika dirishani moja moja akacheka, akasema hizi ni safi kabisa." Jotham alikuwa anasimulia kama kichekesho. Nilikaa kwenye kiti chake bila kuomba. Akaniletea maji, akadhani ni malaria.

Sasa sikia kinachonitoa usingizi. Jumamosi ijayo kokwet inakaa Ziwa, baraza la wazee wote wa mtaa. Kiprono na ndugu zake wamemshtaki Mwalimu kwamba aliuza mtu wa rika lake. Ikipita, hakuna atakayeingia kwake, hakuna atakayempa mtoto wake mke, na siku akifa watu hawataenda kumzika. Mtu wa miaka yake, Mzee! Na Chifu atakuwepo, na palipo na Chifu kuna masikio mengine. Nikisimama kumtetea lazima niseme ni mimi niliyeipiga chapa, na hilo ndilo wale wa makoti wanalolitafuta. Wataniweka wapi? Akinyi wangu yuko darasa la sita, Otis hata kufunga viatu bado hajui. Baba yao unajua alivyopotea na mwanamke wa Kitale.

Na hakuna anayenishuku. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia watu, "Peris ni kaburi." Nikinyamaza, imekwisha, naendelea kupiga barua za wakili na kuimba kanisani. Ni rahisi sana, Mzee, na ndiyo maana naona aibu. Juzi niliota umesimama dirishani na mikono nyuma, na hukutaka kugeuka.

Watoto wanarudi. Nafunga hapa.

*

Jumapili tena. Mzee, nilienda.

Nilimwambia dada yangu naenda kununua maharagwe. Nilivaa ile suti ya buluu ya siku ya kuapishwa kwako, ili nikishikwa nishikwe nikiwa nadhifu. Pale kwenye uwanja wazee wamekaa kwenye nyasi na fimbo zao, Kiprono amesimama anaongea, na Mwalimu Barnaba ameketi peke yake kwenye kiti cha shule, kana kwamba ni mtoto aliyechelewa. Amekonda, hungemjua. Chifu alikuwa na kofia yake, na kando yake mtu nisiyemjua mwenye miwani, anachuna nyasi.

Kwenye kokwet mwanamke hasimami kuongea ovyo, na mimi ni mtu wa Nyanza juu ya hayo, hata lugha yenu naisikia nusu nusu. Nilikaa na akina mama, karibu na Mama Chebet. Wakamuuliza Mwalimu ana neno gani. Akasema, "Nilisema mara moja. Si mimi." Mzee mmoja akamwambia, basi tuambie ni nani, kwa maana kopi ilikuwa yako pekee. Nikaona mzee yule ananyanyua fimbo yake kutoa uamuzi, nikasimama. Sikujua nimesimama mpaka Mama Chebet aliponivuta sketi.

Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kwa maana nilijua nikiongea polepole nitalia. Nikasema mimi Peris ndimi niliyepiga chapa ile hoja, kurasa nne, na kaboni nilizoambiwa nichome nilizipeleka kanisani, na aliyezichukua ni katibu wa vijana. Nikamtaja jina. Nikasema Mzee aliniuliza nikadanganya, aliniuliza tena nani ana kopi nikamtaja Mwalimu, na Mwalimu hana kosa hata la ukucha. Mzee mmoja hakuelewa kaboni ni nini. Nikafungua mkoba, nikatoa kaboni moja niliyoipigia barua ya wakili juzi, mara moja tu, nikainyanyua kuelekea jua, nikamwita aje asome. Akaja. Akasoma kwa sauti: "Ndugu Bwana, nimepokea barua yako." Wakaja na wengine. Mpaka Chifu alisogea akachungulia.

Kiprono alikaa chini, palepale kwenye nyasi. Mama Chebet hakuniangalia. Mpaka sasa ninapoandika hajaniangalia, na simlaumu.

Nilimwendea Mwalimu. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Mwalimu, nisamehe." Nilidhani atanipiga, au atalia, au atasema Mungu amejibu. Unajua alisema nini? Alisema, "Wewe umekosea kaboni, Peris. Mtu hukosea. Lakini yeye alinijua tangu tukichunga ndama. Angeniuliza tu." Kiprono akaja na shuka begani, akamwambia kwa heshima zote twende nyumbani, kwa kaburi la rafiki yako, tukufungulie lango sisi wenyewe. Mwalimu akatikisa kichwa. "Si leo," akasema. "Leo nimemkasirikia sana."

Ndivyo ilivyo, Mzee. Siwezi kukupamba. Nilikwenda kule nikidhani nitawapatanisha, kumbe nimemweka huru na kumuumiza upya siku hiyo hiyo. Aliondoka peke yake na fimbo yake, ila safari hii wazee walisimama alipopita.

Yule wa miwani alinifuata mpaka barabarani. Hakunishika. Aliniuliza jina kamili, mtaa, na nambari ya kitambulisho, akaandika kwenye kijitabu kidogo, akasema Jumatatu saa mbili niwe kwa ofisi ya D.O., "kwa maelezo machache tu, mama." Dada yangu nimeshamwambia yote. Amelia, amenitukana vizuri, halafu amesema atakaa na watoto hata iwe mwaka. Nimewapasia nguo za shule za wiki nzima. Barua hii nampa yeye, na nimemwambia mahali pa kuiweka.

Wakiniuliza kesho nani aliandika hoja, nitasema ni wewe, marehemu hakamatwi. Wakiniuliza kama nilijua nilichokuwa napiga, sitasema mimi ni karani tu, sikuelewa. Nilielewa. Yule mama wa Ziwa alikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, si mbele ya yako. Mumewe alirudi, sijui kama walikuambia; amerudi, hadungi ng'ombe tena, anakaa tu. Nitawaambia kuna haja ya kamati, na nitasema hivyo nikiwa nimekaa wima. Naogopa, lakini nitasema.

Na Mwalimu nitakuwa naenda kwake kila siku ya soko wakiniachia, hata akikataa kuongea na mimi. Siku atakapotaka kuja kwako nitamleta, na siku asipotaka nitakaa naye tu.

Nimebakiza ombi moja, halafu nikuache upumzike. Wewe ulikwenda na hasira juu ya mtu asiye na kosa. Iondoe kwake, Mzee. Niwekee mimi, ndimi mwenyewe, na nakuahidi sitaikataa.

Kwaheri, Mheshimiwa wangu.

Peris